Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kukusanya Sarafu kwa Kipato cha Kawaida

Barua zilizochaguliwa mwezi huu zote zinahusu sarafu, na zote zimetoka kwa wasomaji wa Dar es Salaam. Baadhi zilikuwa ndefu mno, kwa hiyo nimezifupisha bila kubadili swali lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tabata. Natamani kuanza kukusanya sarafu, lakini baada ya kodi ya nyumba, nauli na michango ya harusi isiyokwisha, siwezi kutenga zaidi ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Rafiki yangu anasema kwa fedha hizo nitapoteza muda tu. Je, ana haki, na kama hana, nianzie wapi?

Mwalimu, rafiki yako amechanganya mambo mawili ambayo hayahusiani sana, yaani kukusanya sarafu na kununua sarafu adimu. La pili linataka mtaji. La kwanza linataka macho na subira. Sarafu za Tanzania unazoweza kurudishiwa kama chenji leo ni nne, za shilingi 50, 100, 200 na 500, na zote kwa pamoja zitakugharimu shilingi 850, fedha ambazo ukichoka na jambo hili unaweza kuzirudisha dukani ukanunua kiberiti na chumvi bila hasara ya hata senti moja. Hakuna mkusanyo mwingine ninaoufahamu unaoanza kwa masharti mepesi namna hiyo.

Hata hivyo, usichukue sarafu yoyote inayokuja mkononi. Zikague chenji zako kila jioni, na ukipata ya shilingi 200 iliyo safi zaidi kuliko uliyoiweka jana, ibadilishe, ile ya jana irudi kwenye nauli. Angalia pia miaka, kwa sababu sarafu ya thamani moja hutolewa kwa awamu tofauti, na ya shilingi 200 iliyoandikwa 1998 si sawa machoni pa mkusanyaji na iliyoandikwa 2014. Muuza duka wa mtaani kwenu, ambaye kila siku anahangaika kutafuta chenji, atafurahi ukimpelekea noti ya shilingi 1,000 iliyo nzima na kumwomba akuruhusu uchague sarafu kwenye kopo lake, ingawa ni vyema usimwombe hivyo wakati foleni ni ndefu.

Ukishazizoea hizo nne, jichagulie njia moja na uifuate. Wengi hushindwa hapa, kwa maana hununua kila kinachong'aa, na mwisho wa mwaka wana bakuli la vyuma badala ya mkusanyo. Kwa kuwa wewe ni mwalimu, ningekushauri uanze na wanyama. Tangu Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi mwezi Juni 1966 na kutoa sarafu zake za kwanza, sarafu zetu za kawaida zimebeba wanyama kwa mfululizo unaopendeza: sulisuli kwenye senti 5, pundamilia kwenye senti 10 iliyoanza mwaka 1977, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50, tembo kwenye shilingi 20, faru na ndama wake kwenye shilingi 50, swala pala kwenye shilingi 100, simba kwenye shilingi 200, na nyati kwenye shilingi 500 iliyoingia mwaka 2014. Sarafu tisa tu, na darasa zima la tatu litakaa kimya kukusikiliza. Michoro ya zile za mwanzo ilitoka kwa Christopher Ironside, mchoraji Mwingereza ambaye baadaye alichora pia sarafu mpya za nchi yake, na mimi binafsi sijaona mnyama aliyechorwa vizuri kwenye sarafu zetu za baadaye kuliko yule mbuni wake wa senti 20.

Upande wa pili nao una historia yake. Sarafu za senti na shilingi za kuanzia 1966 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina sura ya Mwalimu Nyerere. Baada yake inaonekana sura ya Mzee Mwinyi, ambayo mpaka leo unaikuta kwenye shilingi 50. Na shilingi 200 na 500 zina sura ya Mzee Karume.

Senti za zamani hazipatikani kwenye chenji, lakini zipo. Ziko kwenye makopo ya mabibi, kwenye droo za cherehani, kwa wauza vitu vya kale, na kwa mafundi waliozigeuza kuwa washa za bolti. Anza kwa jamaa zako, uliza kwa adabu, na usimwambie bibi kwamba kopo lake halina thamani ili akupe bure. Zinapouzwa, senti hizi ni za bei nafuu kwa sababu zilitolewa kwa wingi, na shilingi 15,000 zako zitatosha kwa kadhaa. Mwezi wa kwanza, hata hivyo, nunua lenzi ya kukuzia, bahasha ndogo za karatasi na daftari. Mwezi wa pili na wa tatu usinunue kitu, weka fedha. Mkusanyaji mwenye shilingi 30,000 na ujuzi wa miezi mitatu huchagua sarafu moja nzuri, ilhali aliyetumia 15,000 kila mwezi kwa pupa huwa na thelathini zilizosagika. Mtu akikuuzia sarafu mchanganyiko kwa kilo, mshukuru uende zako.

Njia ya pili, ukipenda, ni sarafu za Afrika Mashariki za wakati wa ukoloni, zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Hapa elimu inalipa kuliko fedha. Chukua shilingi yenye simba na milima: zile za mwaka 1946 na kurudi nyuma zina robo ya madini halisi ya fedha ndani yake, na zile za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu, ingawa kwa ukubwa zinafanana. Muuzaji asiyesoma miaka huziuza zote kwa bei moja. Tazama pia herufi ndogo zinazotambulisha kiwanda, kama H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ya King's Norton, na SA ya Pretoria.

Nitakuachia moja ambayo kila mkusanyaji wa pwani hii angepaswa kuwa nayo, nayo haitamfilisi mtu. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alikaa kwenye kiti cha Uingereza tangu Januari hadi Desemba, kisha akajiuzulu kabla ya kutawazwa. Nchini kwake hakuna sarafu yenye jina lake iliyoingia kwenye matumizi ya kawaida. Kwetu ziliingia, kwa sababu senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, na hivyo hazikulazimika kusubiri picha yake, jina lilitosha. Zilitengenezwa nyingi, na bei yake mpaka leo ni ya chini. Wakusanyaji wa London huzitafuta kwetu.

Nina umri wa miaka 19, naishi Mbagala. Nimepata senti 20 na senti 5 nyingi kwa babu. Nimezisugua kwa ndimu na majivu zikang'aa kama mpya. Je, sasa zimepanda thamani?

Zimeshuka, mdogo wangu, na ni bora ujue mapema kabla hujamaliza kopo lote. Kusugua kwa ndimu, ukwaju, majivu au dawa ya kung'arishia shaba ni desturi nzuri kwa sinia na vyetezo vya nyumbani, lakini kwenye sarafu tindikali hula tabaka la juu la chuma, na majivu huacha mikwaruzo midogo ambayo lenzi huionyesha yote ikielekea upande mmoja. Ile rangi ya kahawia au ya kijivu uliyoiona kuwa uchafu ni ngozi ambayo shaba imejijengea kwa miaka mingi, nayo huizuia isiendelee kuliwa. Mkusanyaji huilipia. Sarafu iliyong'arishwa hujulikana kwa haraka, kwa kuwa inang'aa palipoinuka na penye mashimo kwa namna moja, jambo ambalo halitokei kwa sarafu mpya ya kiwandani.

Kilichobaki kwenye kopo usikiguse. Kama kuna udongo mtupu, loweka sarafu kwenye maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari (nasisitiza maji, wala si tindikali ya betri), kisha uikaushe kwa kuikandamiza taratibu ndani ya kitambaa laini cha pamba bila kufuta. Udongo usiotoka kwa njia hiyo uache hapohapo. Zile ulizozisugua zitumie kujifunzia kushika: kila mara sarafu hushikwa kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, kwa maana jasho la vidole lina chumvi, na alama ya kidole kwenye shaba huwa haiondoki.

Nakaa Kimara. Marehemu baba aliniachia rupia mbili za fedha zenye picha ya mtu mwenye kofia ya chuma iliyokaliwa na ndege, moja ya mwaka 1890 na nyingine ya 1911. Kuna kijana amenipigia simu, anasema mnunuzi wa nje atatoa shilingi milioni 40, mradi nitume kwanza shilingi 200,000 za kipimo. Nifanyeje? Nina miaka 67.

Shikamoo mzee wangu. Usitume hata shilingi moja, na namba hiyo iondoe kwenye simu yako. Mnunuzi wa kweli wa sarafu huja na fedha yake, hukagua mbele yako, na gharama ya kupima ni yake. Habari za rupia za Mjerumani zenye thamani ya nyumba zimezunguka nchi hii kwa miaka mingi, nyingine zikidai kwamba ndani yake mna zebaki au nguvu za kuvuta fedha, na zimewafanya watu wachimbe mashamba na misingi ya maboma. Ndani ya rupia hakuna kitu kingine ila fedha na shaba kidogo.

Unachomiliki, hata hivyo, ni kizuri. Mwenye kofia ni Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani wakati huo. Rupia yako ya 1890 ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoa sarafu wakati huo, na nyuma utaona ngao yenye simba na mnazi. Wakati huo rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64 (pesa hapa ni jina la sarafu ndogo ya shaba), kama ilivyokuwa kwenye hesabu ya Kihindi. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni yenyewe ikawa inatoa sarafu, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na ndiyo maana ile ya 1911 ina maneno Deutsch Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na herufi ndogo, A ikiwa ilifuliwa Berlin au J ikiwa ilifuliwa Hamburg. Naomba uitafute herufi hiyo kwa lenzi, kwa sababu bei hufuata mwaka, herufi na hali ya sarafu, na mara nyingi hali ndiyo inayoamua.

Kabla ya bei, thibitisha kwamba ni halisi, kwa maana rupia za bandia ni nyingi kuliko za kweli katika baadhi ya masoko. Sumaku isizivute hata kidogo. Mpelekee sonara unayemwamini, hapo Kariakoo au mjini, azipime kwenye mizani yake mbele yako: rupia halisi iliyotunzwa ina gramu 11.66, na iliyochakaa hupungua kidogo, lakini ikisoma gramu 9 au 13, hapo pana jambo. Kati ya uzito huo asilimia 91.7 ni fedha, yaani karibu gramu 10.7. Bei ya fedha siku hiyo ikizidishwa kwa gramu hizo inakupa kiwango ambacho chini yake usiuze kwa yeyote. Usikubali sonara aikwangue wala kuidondoshea dawa ya kupimia, mizani inatosha. Baada ya hapo wakusanyaji hulipa zaidi ya uzito, mara nyingine zaidi sana kwa sarafu isiyosagika, ingawa rupia moja ya kawaida ya miaka hiyo haifiki mamilioni hayo uliyotajiwa. Iliyo ngumu kupatikana kwenye jamii hiyo ni ya rupia mbili, ya 1893 na 1894.

Kwa kuwa umetaja Mjerumani, niongeze jambo moja kwa wasomaji wengine. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokata njia ya bahari, utawala wa Kijerumani ulifua sarafu zake katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajauteka mji huo mwezi Septemba. Zilikuwa za heller 5, heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, zote zikiwa na herufi T. Ya dhahabu ilitoka karibu 16,000 tu, na kwa mkusanyaji wa kipato cha kawaida ni ya kutazamwa pichani. Mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa, kaa ukijua ni ya bandia. Heller 20 ya Tabora ni habari nyingine. Ilifuliwa kwa haraka kwa chakavu za shaba, mara nyingi imekaa upande, mistari haikulingana, na kwa ubovu wake huohuo naipenda kuliko rupia zote. Ukitunza akiba miezi michache unaweza kuifikia.

Naishi Kigamboni. Shemeji yangu yuko Kilwa, anaokota sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu karibu na magofu na anaweza kunipatia nyingi kwa bei ya chini. Je, huo si mwanzo mzuri?

Hapana, na umwambie shemeji aache. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na sarafu za masultani wa Kilwa zina umri wa karne kadhaa zaidi ya hapo. Kuzichimba au kuzitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zaidi ya hayo, ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Alichokwisha kuokota akipeleke kwa ofisi ya mambo ya kale na aeleze alipokipata.

Sababu si sheria peke yake. Sarafu hizi zina maandishi yenye vina, upande mmoja ukikamilishana na mwingine kama mshororo wa shairi, na mahali ilipolala sarafu ndipo panapomwambia mtafiti nani alifanya biashara na nani. Mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na wataalamu bado wanajiuliza zilifikaje. Ikishatoka kwenye udongo na kuingia mfukoni mwa shemeji yako, haielezi tena kitu.

Kama unachopenda ni maandishi ya Kiarabu, kuna njia halali na nafuu. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa za shaba zenye picha ya mizani, zikiandikwa mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na zilikuwa nyingi mno hata leo hazijaisha. Pesa za Kampuni ya Kijerumani za 1890 hadi 1892 nazo zina Kiarabu upande mmoja na tai upande mwingine.

Nyumba yetu iko Upanga, karibu na bahari. Sarafu za mume wangu zimeanza kutoa kitu cha kijani kama ute. Anaziweka kwenye albamu ya picha. Tatizo ni unyevu?

Unyevu unachangia, mama, lakini mshukiwa wa kwanza ni albamu. Plastiki ile laini yenye harufu kali, inayonata kidogo ukiigusa, hutoa kemikali inayokula shaba, na joto la Dar es Salaam huiharakisha. Zitoeni leo. Kila sarafu iingie kwenye bahasha yake ya karatasi nyeupe, bahasha zipangwe ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, na humo wekeni vile vifuko vya chembechembe vya kunyonya unyevu mnavyovikuta kwenye maboksi ya viatu na mikoba, mkivibadilisha mara kwa mara. Msitumie mipira ya kufungia noti, kwa kuwa mpira una salfa, na salfa huisawijisha fedha. Kabati la mbao mbichi nalo si rafiki wa sarafu.

Juu ya kila bahasha mume aandike kwa penseli nchi, thamani, mwaka, alikoipata na alichoilipia. Tovuti ya Numista ina orodha ya sarafu za dunia nzima, pamoja na zetu, na kuisoma ni bure. Namba zinazoanza na KM atakazozikuta humo, kifupi cha majina ya Krause na Mishler waliotunga orodha yao ya sarafu za dunia, ndizo ambazo wauzaji wa nje huzitumia, kwa hiyo aziandike pia. Na bahasha zikae juu, mbali na wajukuu, kwa sababu mtoto mdogo humeza senti haraka kuliko mtu anavyodhani.

Mchango wa kikoba umenifikia, nina shilingi 300,000. Niko Sinza. Nikinunua sarafu za zamani kama akiba, nitapata faida baada ya miaka mitano?

Sikushauri. Muuzaji anakuuzia kwa bei moja na kununua kwako kwa bei ya chini zaidi, na pengo hilo peke yake linaweza kumeza miaka mitano. Shilingi 300,000 ziache kikobani, au ulizia benki yako kuhusu hati fungani za serikali. Kama roho inataka sarafu, chukua shilingi 20,000 kati ya hizo, ufanye kama nilivyomweleza mwalimu wa Tabata, na fedha hiyo uihesabu kuwa imetumika, kama ungeitumia kwenda kutazama mpira.

Ukiuza siku moja, mtafute kwanza mkusanyaji mwenzako na umwonyeshe daftari lako pamoja na sarafu, kwa kuwa sarafu yenye kumbukumbu ya ilikotoka huuzika upesi. Sonara awe wa mwisho, kwa zile za fedha ambazo zimesagika mpaka mwaka wake hausomeki.